Barua ya wazi kwa wakuu wa miradi ya programu huria: leseni zikubaliane kabla toleo halijatoka

Kwa wakuu wa miradi ya programu huria, wakuu wa vitengo vya TEHAMA serikalini na vyuoni, na mameneja wa kampuni zinazoandika mifumo kwa fedha za umma na za wafadhili, Afrika Mashariki.

Ndugu zangu, salaam.

Nawaandikia kuhusu faili ambayo wengi wenu mliiona siku mradi ulipofunguliwa na pengine hamjaifungua tena tangu siku hiyo: faili ya leseni, yaani maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kutumia, kunakili na kubadilisha programu, na kwa masharti gani. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa juu ili asiye na nafasi ya kusoma barua yote aondoke nalo. Toleo lolote la programu yenu lisitoke kabla mtu anayejulikana kwa jina hajathibitisha kwamba kila mahali panapotaja leseni ndani ya kifurushi, yaani mkusanyiko wa faili ambao watu wanaupakua, panasema jambo lile lile. Na mtu huyo apewe mamlaka ya kusema "bado", toleo lisubiri, hata kama tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa na kadi za mwaliko zimeshasambazwa.

Kazi yangu ni kupokea programu hizi zikishatolewa, kuzikagua, kuziunganisha na nyingine, na kuziandaa zikasakinishwe hospitalini na kwenye halmashauri. Mikutano yenu siioni, wala mipango kazi yenu. Ninachokiona ni kifurushi, na ndicho anachokiona kila mtu aliye nje ya ofisi zenu: mwanafunzi wa Mbeya anayetaka kujifunza kwenu, kampuni ya Kampala inayotaka kuongeza moduli, mwanasheria wa hospitali ya misheni anayeulizwa kama mfumo huu unaruhusiwa kutumika bure. Kifurushi ndicho kinachowasemea ninyi mkiwa hampo.

Nitaeleza kimoja. Mradi siutaji wala taasisi yake, kwa sababu wanaoutunza ni watu wenye bidii na programu yenyewe ni nzuri. Inapanga foleni za wagonjwa wa nje na kazi hiyo inaifanya vizuri. Folda ya juu kabisa kuna faili ya LICENSE, na ndani yake maandishi kamili ya leseni ya Apache toleo la 2.0. Kando yake kuna README, faili ya maelezo ya mradi, na aya yake ya mwisho inasema programu hii imetolewa chini ya leseni ya MIT. Fungua package.json, faili ya utambulisho wa kifurushi, utakuta imeandikwa ISC, leseni ya tatu. Ingia kwenye folda ya src, penye msimbo (maandishi ya programu yenyewe), faili nyingi hazina neno lolote la leseni, lakini chache zinazoshughulikia uchapishaji wa tiketi zina maandishi juu kwamba leseni yake ni GPL toleo la 2 au toleo lolote la baadaye, na kwamba asiyepata nakala ya leseni aandikie Free Software Foundation, shirika lililoitunga leseni hiyo, 59 Temple Place, Boston. Kwenye folda ya tafsiri kuna sw.po, tafsiri nzuri ya Kiswahili iliyofanywa kwa uangalifu, lakini mistari yake ya juu bado ina maneno ya kiolezo: YEAR mahali pa mwaka, PACKAGE mahali pa jina la programu, FIRST AUTHOR mahali pa jina la mtafsiri. Mwisho, kwenye public/js kuna maktaba za watu wengine, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kutumika, zilizobanwa zikawa mstari mmoja mrefu, na majina ya wenyewe hayamo.

Kila kimoja kina asili yake, na sioni nia mbaya popote. ISC ilitoka kwa npm, zana ya vifurushi vya JavaScript: ukiandika npm init na kubonyeza Enter bila kusoma, hilo ndilo jibu inalojijazia yenyewe. MIT ilikuja na kiolezo cha README kilichonakiliwa kutoka mradi mwingine. Faili za GPL alizileta mtu aliyehitaji kuchapisha tiketi upesi, akakuta msimbo unaofanya kazi, akauchukua. Anwani inaonyesha umri wa ule msimbo: Free Software Foundation ilihama 59 Temple Place mwaka 2005, ikaenda 51 Franklin Street, na mwaka 2024 ikaifunga hata ofisi hiyo. Kwa hiyo kipande hicho kimesafiri miaka mingi, mkono kwa mkono, na hakuna aliyekisoma kichwa chake. Maneno ya kiolezo kwenye sw.po ni ya gettext, zana ya tafsiri, ambayo huyaweka ili yajazwe, na hakuna aliyemwambia mtafsiri ayajaze.

Sasa mimi nifuate lipi? Siwezi kuchagua leseni inayonifaa nikaziacha nyingine. Aliye na haki ya kuchagua ni mwenye hakimiliki peke yake. Niliwaandikia, na jibu lilikuja haraka na kwa upole: tumieni tu, ni huria. Lakini aliyejibu alikuwa mwandishi wa msimbo wa mkataba, na nilipouliza hakimiliki ni ya nani, ya chuo, ya wizara au ya kampuni iliyomwajiri, hakujua. Hospitali ikauacha mfumo huo. Foleni yao mpaka leo inapangwa kwa daftari.

Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu nasikia kila mara kwamba leseni ni mambo ya Wazungu wanaopenda kushtakiana na kwamba huku kwetu hakuna atakayempeleka mtu mahakamani kwa ajili ya faili ya maandishi. Huenda ni kweli hakuna atakayeshtaki. Lakini hasara ya kwanza haiji kwa njia ya kesi. Inakuja pale mtu mwaminifu, anayefuata sheria, anapokosa uhakika na kuondoka kimya. Asiyejali atachukua tu, hata msipoandika lolote.

Na sheria zetu wenyewe ziko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu miongoni mwa kazi za maandishi, sawa na riwaya. Programu ikishaandikwa ina mwenyewe, hata kama hajaisajili popote. Kama hakuna leseni, au leseni haieleweki, hali ya kawaida ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuinakili. Kuweka msimbo hadharani kwenye GitHub hakubadilishi hilo. Neno "huria" kwenye bango la uzinduzi nalo halibadilishi. Ruhusa inatoka kwenye maandishi ya leseni, na ndiyo maana maandishi hayo yakipingana ruhusa nayo inayumba.

Kwa wanaodhani masharti haya ni mapambo, ipo hukumu ya Marekani ya Agosti 2008, Jacobsen dhidi ya Katzer. Kundi la wapenzi wa treni ndogo za kuchezea liliandika programu huria ya kuziendesha, JMRI. Kampuni moja ikachukua faili zake, ikaziingiza kwenye bidhaa yake, na haikuweka majina ya waandishi, matangazo ya hakimiliki, maelekezo ya kusoma faili ya COPYING (yenye leseni) wala maelezo ya yaliyobadilishwa. Kampuni haikuiba fedha ya mtu, na programu ilikuwa inatolewa bure. Hata hivyo mahakama ya rufaa ilisema masharti ya leseni huria ni masharti ya kweli, na anayeyavunja anaweza kudaiwa chini ya sheria ya hakimiliki. Mjue basi kwamba hicho kilichogombaniwa, majina ya waandishi na rejeo la faili ya leseni, ndicho kile kile kinachopotea kwenye public/js zenu kila mnapotengeneza toleo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauhusu mahakama hata kidogo, ni wa Machi 2021. Kulikuwa na maktaba ndogo ya Ruby iitwayo mimemagic. Kazi yake ni kutambua aina ya faili: hii ni picha, hii ni PDF. Leseni iliyotangazwa ilikuwa MIT. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na faili ya orodha ya aina hizo iliyotokana na mradi wa shared-mime-info, ambao leseni yake ni GPL toleo la 2, inayotaka kazi iliyotokana nao isambazwe kwa masharti yale yale. Orodha hiyo ilikaa humo kwa miaka. Siku mtunzaji alipojulishwa, alikubali kwamba ni kweli, akabadilisha leseni ya maktaba yake kuwa GPL na kuyaondoa matoleo ya zamani kwenye ghala la RubyGems. Alifanya jambo la haki. Ila Ruby on Rails, mfumo ambao maelfu ya tovuti duniani zimejengwa juu yake, ulikuwa unaitegemea mimemagic kupitia maktaba nyingine katikati, na Rails yenyewe ni MIT. Ghafla watu waliokuwa wanasakinisha upya mifumo yao wakakuta haisakiniki, kwa kuwa kitu kinachohitajika hakipo tena. Watunzaji wa Rails walilazimika kutoa haraka matoleo ya 5.2.5, 6.0.3.6 na 6.1.3.1, wakiiondoa mimemagic na kutumia data ya mradi wa Apache Tika ambayo leseni yake haina mgogoro.

Tazameni ukubwa wa tatizo na udogo wa chanzo. Faili moja ya data, isiyo hata msimbo. Na mtu yeyote aliyekuwa anaandaa toleo lolote la maktaba ile, angefungua kifurushi na kuuliza kila faili imetoka wapi, angeliona mapema, wakati kulirekebisha ni kazi ya saa chache.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nadhani hamuijui vizuri, na siwalaumu, kwa sababu haionekani kutoka ofisini. Wakuu wengi mkiulizwa kuhusu leseni mnamwambia kijana afungue repo, hifadhi ya msimbo wa mradi, mnaiona faili ya LICENSE, mnaridhika. Lakini repo na toleo ni vitu viwili. Kati ya kimoja na kingine kuna hatua ya kufungasha, na hapo ndipo faili za leseni zinapopotea au zinapoanza kusema yasiyo kweli.

Katika Python, ni jambo la kawaida kabisa faili ya LICENSE iwepo kwenye repo na isiwemo kwenye kifurushi kinachopakuliwa, kwa sababu hakuna aliyeitaja kwenye mipangilio ya ufungashaji. Siku hizi kiwango cha PEP 639 kimeweka utaratibu wa kutaja leseni kwa kifupisho kinachoeleweka na kuorodhesha faili zake ili ziingie ndani ya kifurushi, kitumieni. Katika JavaScript, zana za kubana msimbo hufuta maoni yote, na tangazo la hakimiliki ni maoni, kwa hiyo linafutwa pamoja nayo isipokuwa limeandikwa kwa alama maalumu au zana imeelekezwa kulihifadhi kwenye faili ya pembeni. Leseni ya MIT haiombi kitu kikubwa: inataka tangazo la hakimiliki na la ruhusa liwemo katika kila nakala. Hilo sharti moja ndilo tunalolivunja kila siku, kwa mashine, bila kujua.

Katika Java mambo yamejificha zaidi. Ukikusanya maktaba nyingi katika jar moja (kifurushi cha Java), kila moja inakuja na faili yake ya META-INF/LICENSE na META-INF/NOTICE, hii ya pili ikiwa ya kuwataja wenye kazi. Majina yanafanana. Usipoieleza zana namna ya kuziunganisha, moja inabaki na nyingine zinafutika, na inayobaki ni yoyote iliyotangulia au iliyofuata. Nimekuta mfumo mzima wa taarifa za dawa ambao NOTICE yake pekee ilikuwa ya maktaba ya kuandika kumbukumbu za mfumo. Ukiisoma, ungeamini mfumo wote ni wa watu hao. Zana ya Maven Shade ina vipengele vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya faili hizi. Ni mistari michache kwenye pom.xml, faili ya mipangilio yake, ila lazima mtu apewe nafasi ya kuiweka na kuhakiki matokeo.

Wakfu wa Apache una kanuni ambayo ningependa iwe ya kwetu sote: LICENSE na NOTICE zieleze kile kilichomo ndani ya kifurushi hicho hicho, bila kupungua wala kuzidi. Kifurushi cha msimbo chanzo kisichobeba maktaba za wengine kina LICENSE fupi. Kifurushi kilichokwisha kukusanywa, chenye maktaba ndani, kina LICENSE ndefu zaidi, kwa sababu kimebeba zaidi. Hakuna kunakili moja kuipeleka kwingine. Na NOTICE isijazwe shukrani na maelezo yasiyotakiwa, kwa sababu leseni ya Apache inamlazimu kila atakayesambaza baada yenu kuibeba. Toleo lao halitoki mpaka wajumbe wasiopungua watatu wa kamati ya mradi wapige kura ya ndiyo, na kabla ya kupiga kura wanatakiwa wapakue kifurushi chenyewe na kukikagua. Wanaokagua ni wakuu wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu kazi hii, ikifanyika, anaachiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo.

Kwa sekta ya afya jambo hili lina uzito wa pekee, maana ndiyo sekta tunayotegemea programu huria kuliko nyingine. DHIS2 ya takwimu za afya, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, iko chini ya BSD ya vipengele vitatu. OpenMRS ya rekodi za wagonjwa, ambayo Eldoret ilikuwa miongoni mwa mahali pake pa mwanzo mwaka 2006, inatumia MPL toleo la 2.0 pamoja na kanusho maalumu la huduma za afya. OpenLMIS ya ugavi wa dawa iko chini ya AGPL toleo la 3. Leseni tatu, tabia tatu. BSD inataka tangazo lake liwemo hata kwenye nyaraka za kifurushi kilichokusanywa. MPL inafuata faili kwa faili: faili yao mliyoibadilisha inabaki chini ya MPL, faili mpya mliyoandika wenyewe mnaweza kuipa leseni yenu. AGPL inadai kwamba hata anayeutumia mfumo uliobadilishwa kupitia mtandao, bila kupewa nakala, aweze kuupata msimbo wake. Mtu anapoandika kiunganishi cha kupeleka takwimu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, akanakili kipande kutoka huku na kipande kutoka kule, amebeba masharti ya pande zote. Inawezekana kabisa kuyatimiza. Lakini lazima yajulikane kwanza, na hayawezi kujulikana kama kila faili haina kichwa.

Msisahau pia visivyo msimbo. Ramani za mitaa na mifereji ya Dar es Salaam ambazo vijana wa Ramani Huria walizichora tangu 2015 ziliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote, na data ya OpenStreetMap iko chini ya ODbL, leseni ya data inayotaka chanzo kitajwe. Nimeona programu za mafuriko zenye ramani hizo ndani, na LICENSE yake inazungumzia msimbo tu. Waliotembea kwenye matope ya Tandale na simu mkononi hawatajwi popote. Fonti nazo zina leseni zake, na picha, na tafsiri. Mtafsiri wa ile sw.po alistahili jina lake liandikwe mahali palipoandikwa FIRST AUTHOR.

Lipo jambo moja ambalo mwandaaji wa toleo hawezi kulitatua hata akiwa hodari namna gani, nalo ni lenu peke yenu: hakimiliki ni ya nani. Mara nyingi nakuta mstari unaosema hakimiliki ni ya mradi fulani, kwa jina la mradi, pamoja na jina la mfadhili kwa kifupi. Mradi unaisha, si mtu wala taasisi iliyosajiliwa, na mfadhili hakuwahi kudai chochote. Huko Kenya sheria inampa hakimiliki aliyeagiza kazi au mwajiri, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Kwa hiyo mkataba mliosaini na kampuni ndio unaoamua, na mwandishi wa msimbo hajawahi kuuona. Wekeni kwenye mkataba nani atamiliki na leseni itakuwa ipi, kwa jina lake kamili, kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Baadaye ni vigumu: kubadilisha leseni kunahitaji ridhaa ya wote wenye haki, na wengine watakuwa wameshahama au wamefariki.

Na mkitaja leseni, itajeni kwa ukamilifu. "GPL" peke yake haitoshi. Kuna GPL toleo la 2 tu, na kuna GPL toleo la 2 au la baadaye. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama msimbo huo unaweza kukaa pamoja na wa Apache 2.0: Free Software Foundation yenyewe inasema Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2, inapatana na la 3. Zile faili za tiketi nilizozieleza ziliokolewa na maneno "au toleo lolote la baadaye". Yasingekuwepo, zingelazimika kutolewa na kuandikwa upya. Hata hivyo mradi ulitakiwa kusema wazi kwamba kifurushi kizima sasa kinatolewa kwa masharti ya GPL toleo la 3, na hakuna mahali ulipolisema.

Zana zipo, na hazilipiwi. Vifupisho vya SPDX, ambavyo ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 5962:2021, vinawezesha kila faili kubeba mstari mmoja juu unaotaja leseni yake bila utata. Watunzaji wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, walifanya usafi huo mwaka 2017, wakati wa toleo la 4.14, na walikuta faili zaidi ya 10,000 ambazo hazikuwa na tamko lolote la leseni ndani yake. Linux, mradi unaotumiwa na dunia nzima. Kwa hiyo asione mtu aibu kuanza. Utaratibu wa REUSE wa Free Software Foundation Europe unaeleza hatua kwa hatua pa kuweka maandishi ya leseni na vichwa vya faili, na amri yake ya reuse lint inaorodhesha kila faili isiyo na maelezo. ScanCode na FOSSology zinachimba ndani zaidi, zinasoma kila faili na kutafuta maandishi ya leseni na matangazo ya hakimiliki yaliyomo. Iwekeni mojawapo kwenye mtambo wa kujenga programu, ikatae kutoa toleo pale inapokuta mgongano. Lakini ielekezeni kwenye kifurushi kilichokamilika, kile hasa kitakachopakuliwa na watu, pamoja na picha ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe) kama mnatoa kontena. Kukagua repo pekee hakujibu swali la nini kimetoka mlangoni.

Mashine haitamaliza yote. Haiwezi kujua kwamba README imesema MIT kwa sababu ya kiolezo. Haiwezi kujua kwamba mahali pa jina na mwaka kwenye leseni ya MIT panatakiwa kujazwa, wakati maneno ya aina hiyo yaliyo mwishoni mwa maandishi ya Apache 2.0 ni sehemu ya kiambatisho na yanaachwa yalivyo. Kuna watu wanayajaza hayo ya Apache na kuyaacha yale ya MIT matupu. Anahitajika mtu wa kukaa na kusoma, na mtu huyo anahitaji muda uliotengwa kwenye mpango kazi, siku nzima katika toleo la kwanza na saa chache katika yanayofuata.

Nimeambiwa na mkuu mmoja kwamba haya yatachelewesha kazi. Yanachelewesha mara ya kwanza. Debian, wanaotoa mfumo endeshi huria, hawapokei kifurushi kipya mpaka faili yake ya hakimiliki ikaguliwe na kuonekana inaeleza kila kilichomo, pasipotosheleza, kinarudishwa. Pamoja na ukali huo ndiyo moja ya akiba kubwa kabisa za programu duniani, na seva nyingi ninazosakinisha wilayani zinaendeshwa nayo au na ndugu zake. Vilevile mkitaka mradi wenu utambuliwe kama mali ya umma ya kidijitali kwa kiwango cha Digital Public Goods Alliance, moja ya masharti ni leseni huria iliyoidhinishwa. Anayekagua ataitafuta leseni hiyo kama ninavyoitafuta mimi.

Nawaomba basi mwanzie na toleo lijalo, lolote lile, hata kama ni dogo la kurekebisha hitilafu. Mteueni mtu, mwandikieni barua ya uteuzi inayosema ana mamlaka ya kulizuia toleo, na jina lake liwe kwenye maelezo ya toleo. Nanyi wenyewe, kabla hamjasaini, kipakueni kifurushi kwenye kompyuta isiyo ya ofisi, mkifungue, na msome LICENSE, NOTICE, README na faili ya maelezo ya kifurushi kwa kufuatana. Zikipingana, rudisheni. Kwa matoleo ambayo yameshatoka yakiwa na mgongano, toeni tamko lililosainiwa na mwenye hakimiliki linalosema leseni iliyokusudiwa ni ipi, mliweke ndani ya repo, na mtoe toleo la marekebisho. Mradi wa foleni niliouzungumzia unaweza kulifanya hilo wiki hii, na hospitali iliyouacha iko tayari kuupokea tena, nimewauliza.

Wenu katika kazi,
Mwandaaji na msakinishaji wa mifumo, Dar es Salaam